Mtaro Niliochelewa Kuchimba

Shida yangu ilianza mwaka wa 1968, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Baba alitoka asubuhi kwenda kupasua mbao upande wa msituni, akarudishwa jioni amebebwa kwenye machela ya miti, na wiki haikuisha kabla hatujamzika. Nilikuwa darasa la nne. Sikurudi shuleni hata kuchukua daftari langu. Mtu akiniuliza nimesomea wapi, humwambia nimesoma mawe, na mtihani wangu uko pale kando ya barabara, yeyote anaweza kwenda kuusahihisha.

Mama alibaki na mimi na dada zangu wawili, nyumba ya udongo kule Kanja, upande wa Embu, na kipande cha shamba ambacho ndugu za baba walikuwa wanakitolea macho kila mwaka. Mama akachuma kahawa ya watu. Mimi nikaenda machimboni. Nilianza kwa kubeba mawe, nikaja kuyachonga, halafu nikajifunza kuyapanga. Nikiwa na miaka ishirini nilikuwa fundi. Nikikaribia thelathini nilikuwa fundi anayetafutwa. Nilihamia Meru mjini, na pale Kaaga, palipo na shule nyingi, walimu walikuwa wanajenga. Mwalimu ni mtu mgumu kumjengea, maana anapima kila kitu kwa rula. Hakuna aliyepima kazi yangu akapata kosa. Sisemi hivyo kwa kujigamba peke yake. Nasema ili ujue kwamba hili ninalokwenda kusimulia halikutokea kwa sababu ya kutojua.

Kwa miaka ile yote mama alikaa Kanja, katika nyumba ileile ya udongo. Ilikuwa nyumba nyeusi kwa moshi, imeinama upande mmoja, lakini ilikuwa kavu. Moto wake wa mafiga matatu haukuzimika. Usiku aliufunika kwa majivu, asubuhi akaufukua, na kuta zile zilikuwa zinapata joto lao kila siku kama ng'ombe anavyopata majani. Mimi sikuuona ukavu. Niliuona udongo tu. Nilijenga nyumba za mawe za watu wengine wiki nzima, na mwisho wa mwezi nikienda kumwona mama nilikuwa nainamisha kichwa kuingia mlangoni. Jambo hilo liliniuma. Niliapa mama yangu atalala ndani ya mawe.

Kujenga Kanja hakukuwezekana, kwa sababu kesi ya shamba na baba zangu wadogo ilikuwa bado iko kwa chifu. Ndipo mwaka wa 1988 nikasikia kuna nyumba inauzwa karibu na soko la Kianjokoma. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja, karani mstaafu wa chama cha kahawa, aliyetaka kuhamia kwa mwanawe kule chini upande wa Mbeere, penye jua, kwa sababu ya miguu. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, mawe matupu, mabati mekundu, na veranda ya simiti iliyopigwa rangi mpaka ikang'aa. Na zaidi ya hayo yote, ilikuwa kando ya barabara ambayo watu wote wa upande ule hupita wakienda kanisani. Nikiwa bado langoni nilikuwa nimeshainunua moyoni.

Ilikuwa Februari, mwezi ambao hata kinamasi kinaweza kukudanganya. Mahindi ya jirani yalikuwa yamekauka yakalia kwa upepo. Lakini nyuma ya nyumba, upande wa juu wa mteremko, kulikuwa na nduma zenye majani mapana ya kijani, zimejaa maji kana kwamba mvua ilinyesha jana. Nduma haina urafiki na ardhi kavu. Mtoto wa Embu hujua hilo kabla hajajua kuhesabu. Halafu nikaona nyumba yenyewe imechimbiwa ndani ya mteremko, udongo wa nje uko juu ya sakafu kwa kimo cha goti. Niliinama nikaangalia chini ya plasta, pale jiwe la kwanza linapokaa juu ya msingi. Hakukuwa na ule mkanda mweusi wa lami ambao fundi huutandaza ili maji ya ardhini yasipande ukutani. Waliojenga walikuwa wamekwepa gharama.

Yule mzee alinisubiri niinuke. Alikuwa ameshika fimbo na kofia yake.

"Fundi," akasema, "wewe ni mtu wa kazi hii, sitakuficha. Ukuta huu wa juu hunywa maji. Mvua ya Aprili na ile ya Novemba, unalowa mpaka hapa." Akajigusa kiunoni. "Nilitaka kuchimba mtaro nyuma nikaahirisha, nikaahirisha, sasa miguu imekataa. Ndiyo sababu nimekushushia bei. Chimba mtaro kabla hujalaza mtu humu."

"Mzee, hiyo ni kazi ya siku chache," nikamjibu.

"Basi ifanye hizo siku chache."

Tukapeana mikono. Nilikuwa na nia ya kuchimba, hilo ni kweli. Lakini Jumapili iliyofuata, hata karatasi hazijaandikwa kwa wakili, nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nilisema mama yangu amelala kwenye udongo tangu aolewe, amewalea watoto kwenye udongo, na sasa Mungu amenisaidia, atalala kwenye nyumba ya mawe, ileile mnayopita mkija hapa. Watu walipiga makofi. Akina mama wa chama chake wakapiga vigelegele. Mama alikuwa amekaa mstari wa tatu, akajifunika uso kwa leso.

Sasa fikiria fundi aliyesema maneno hayo anaonekana wiki inayofuata nyuma ya nyumba ile, na jembe, anachimba njia ya kutolea maji. Kila anayepita angesimama aulize, "Fundi, unachimba nini?" Na mimi ningejibu nini? Kwamba mimi, niliyewajengea walimu wa Kaaga, nimenunua nyumba inayolowa? Nikajiambia mtaro unaweza kungoja kidogo, watu wazoee kwanza. Nikarudi Meru kwa kazi zangu.

Mama alihamia mwezi wa Machi. Mchungaji aliibariki nyumba, tukala githeri na nyama, tukanywa chai mpaka sufuria zikaisha. Nilimpa chumba cha nyuma kwa sababu kilikuwa na dirisha kubwa. Aliingia, akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kwa muda.

"Huku kuna baridi ya peke yake," akasema.

Nikamwambia jiwe ni baridi kwa asili yake, atazoea. Akauliza atawasha moto wapi. Nikamwonyesha jiko la nje, kibanda cha mabanzi ambacho yule mzee alikuwa amekiacha. Akauliza kama hawezi kuweka mafiga pembeni ya kile chumba, hata moto mdogo wa jioni. Nilikataa. Nilimwambia moshi utaharibu rangi, na nyumba ya mawe haiwashwi moto ndani kama kibanda. Nililisema hilo kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwingine, mbele ya wageni.

Mvua ya Aprili ilikuja kama ilivyoahidiwa. Mwisho wa mwezi nilipofika, ukuta wa chumba chake ulikuwa umebadilika rangi kutoka sakafuni mpaka magotini, na ile rangi ya mafuta imetoka malengelenge kama mkono ulioungua. Ukiyapasua, ndani kulikuwa na chumvi nyeupe, laini kama unga. Nilikwangua. Nikapiga plasta mpya ya simiti nzito, nikapaka rangi mara mbili. Nikamwambia mama rangi ya zamani ilikuwa mbaya.

Na mimi nilijua, na kila fundi anajua, kwamba ukuta unaolowa ukiuziba chini kwa simiti, maji hayarudi kwao. Yanapanda juu kutafuta pa kutokea. Mwezi wa Juni unyevu ulikuwa umefika dirishani. Nikaja na mkebe mwingine wa rangi.

Safari moja nikakuta mama ametundika kalenda saba kwenye chumba kile na sebuleni, nyingine za miaka iliyopita, pamoja na vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Chama chake cha akina mama kilikuwa kinakutana kwake siku ya Alhamisi, wakizungukia nyumba kwa nyumba. Nikamuuliza kwa nini anaweka kalenda ya mwaka juzi.

"Mwaka ukipita, picha haipiti," akasema.

Nikacheka. Alipotoka kwenda kuchota maji nikainua moja. Nyuma yake karatasi ilikuwa nyeusi kwa kuvu, na ukuta ulikuwa umeota manyoya. Alikuwa anauficha ukuta wageni wasiuone. Hakuwa anauficha kwa ajili yake, maana yeye hakuwahi kujisifu kwa nyumba ile kwa mtu. Nikairudisha kalenda kwenye msumari wake, nikainyoosha vizuri isikae upande.

Jirani mmoja, mama mwenye mdomo mwepesi aliyekuwa anauza viazi sokoni, ndiye pekee aliyelitaja. Alinikuta langoni akasema, "Fundi, nyumba ya mama yako inatoka jasho kama mtu mwenye malaria."

"Ni mvuke wa chai mnayokunywa humo kila Alhamisi," nikamjibu. "Punguzeni vikombe."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Na mimi nikacheka. Nilirudi Meru nikiwa nimefurahi kwamba nimemshinda kwa maneno.

Baridi ya Julai, wanaoishi Kianjokoma wanaijua. Ukungu unashuka kwenye majani chai asubuhi, na kuna siku hauondoki. Nilikuwa nimeletewa kazi ndogo upande wa Embu, nikapitia kwa mama mapema bila kumwambia. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa. Nikamkuta jikoni, katika kile kibanda cha mabanzi, amelala kwenye benchi karibu na makaa, amejifunika blanketi lake, na kuku wamejipanga miguuni pake. Kitanda cha ndani, kile nilichomnunulia, kilikuwa kimetandikwa vizuri kama cha hospitali. Hakikuwa kimelaliwa kwa siku nyingi.

Mwanaume mwingine angelia. Mimi nilikasirika. Nilimwamsha nikamuuliza, "Mama wa fundi analala na kuku?"

"Kuku hawalalamiki," akasema. Akaketi, akavuta blanketi mabegani. "Huku ni pakavu, mwanangu. Usiku nakuja huku, asubuhi narudi kule kabla watu hawajapita. Hakuna aliyeniona."

Ona basi alichokuwa anafanya. Alikuwa anatembea gizani kwenye umande kwenda kutafuta joto, na kurudi kabla ya mwanga, ili watu wasione kwamba nyumba ya mwanawe hailaliki. Na mimi nilichosikia ni kwamba nimeaibishwa.

Nilikibomoa kile kibanda juma lilelile. Nikajenga jiko la mawe, zuri, lenye meko ya simiti na bomba la moshi, jembamba, la mtu mmoja kusimama na kupika. Hakukuwa na nafasi ya benchi, na sikuiacha kwa kusahau. Mama alikaa verandani akiangalia mabanzi yakitolewa. Baadaye akaenda akachagua yaliyo mazima, akayapanga kando ya ua. Kazi ile ilinichukua siku nne. Siku nne, mtaro ungekuwa umepita theluthi.

Septemba akaanza kukohoa, kikohozi cha chini, kisicho na mwisho. Akawa anapumzika mara mbili kati ya lango na veranda. Nikampeleka hospitali Embu mjini. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka lakini mwenye masikio. Alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Akauliza kama anapika kwa kuni. Nikaurukia huo moshi kwa mikono miwili, nikasema ndiyo, ni moshi, nimemwambia mara nyingi.

"Moshi nimezaliwa nao," mama akasema.

Daktari akaniangalia mimi. "Anaishi katika nyumba gani?"

"Ya mawe," nikasema. Nilisema kwa kifua mbele, hata pale.

"Sijauliza ni ya nini. Nimeuliza, ni kavu?"

Mama akanitangulia. "Ni kavu, daktari," akasema.

Daktari hakuandika. Aliinama akashika ncha ya shali ya mama, akainusa, kisha akairudisha begani kwake taratibu. Akatuambia, bila kupandisha sauti, kwamba mwenye kifua hiki akirudi kulala mahali penye kuvu, hatavuka baridi ya mwaka mwingine. Tumtoe huko.

Tuliketi nje kwenye benchi tukingoja dawa. Mama alikuwa anaangalia mbele.

"Ulipoinunua," akaniuliza, "ulijua?"

Nilikuwa na nafasi moja safi. Hakukuwa na mtu mwingine anayesikia.

"Sikujua, mama," nikasema. "Yule mzee alinificha."

Mama yangu alikuwa mtu wa kuvumilia lake, lakini mwanawe akionewa hakuweza kunyamaza. Hazikupita siku mbili za soko kabla Kianjokoma nzima haijajua kwamba karani wa kahawa alimuuzia mjane kinamasi. Wengine wakakumbuka mizani aliyokuwa anapimia kahawa yao pale chamani, wakasema labda ndivyo alivyokuwa anatupima. Mtu aliyekaa kwenye mizani miaka yote ile bila doa akawa mwizi wa nyumba. Nilisikia, nikanyamaza, nikaona ni afadhali asemwe yeye aliye mbali kule chini kuliko nisemwe mimi.

Hakuwa mbali sana. Alikuwa bado na majani chai yake huku juu, na siku moja akanikuta dukani nikinunua misumari. Kulikuwa na mwenye duka na wanaume wengine wawili. Mzee akavua kofia.

"Fundi, nina swali moja tu. Nilikuambia, au sikukuambia?"

"Mzee, hayo yamepita. Tusirudi nyuma."

"Hujajibu."

"Tutaongea siku nyingine, kwa utulivu."

Alinitazama kama mtu anayesoma mizani, akingoja mshale utulie. Kisha akavaa kofia akatoka. Wale wawili wakatikisa vichwa, mmoja akasema wezi wakizeeka huwa wakali. Nilimlipa mwenye duka nikaondoka na misumari yangu.

Misumari ile ilikuwa ya mama. Nilikuwa ninamjengea tena Kanja, pale pale pa zamani, maana nyumba ya kwanza ilikuwa imeanguka, na kesi ya shamba ilizuia mawe, haikuzuia kibanda cha udongo. Chumba kimoja na jiko, miti na udongo. Akina mama wa chama wakaja kukandika, wakiimba, wakinitania kwamba fundi wa mawe amesahau udongo unashikwaje. Mama akaweka mafiga yake matatu mwenyewe. Kikohozi kilipungua. Hakikuisha.

Januari, nyumba ya Kianjokoma ikiwa tupu, nilikwenda na jembe, sururu na koleo. Nilichimba nyuma ya nyumba peke yangu, mchana, mbele ya kila mpita njia. Nilishuka mpaka chini ya kimo cha sakafu, nikaupa mtaro mteremko wa kuzungusha maji mpaka upande wa chini wa nyumba, nikajaza kokoto. Niling'oa simiti yote niliyokuwa nimeipaka, ukuta ukabaki uchi, ukapumua. Halafu nikakata chini ya jiwe la kwanza, kipande kwa kipande, nikaingiza mkanda wa lami, nikaweka mawe yake, nikaenda kipande kingine. Mwisho nikapiga chokaa badala ya rangi ya mafuta.

Unajua nani alinicheka? Hakuna. Mtaro wenyewe ulichukua siku kumi na moja. Watu walipita, wakasalimu, wakauliza ninachimba nini, nikawaambia natoa maji, wakasema "Kazi njema," wakaenda zao sokoni. Yule mama wa viazi aliniletea uji kwenye kibuyu, akasimama akiangalia.

"Kumbe ni hivi tu?" akasema. "Si ungechimba tangu mwaka jana?"

Hakuwa anatania. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei. Mvua ya Aprili ilipokuja niliweka kiganja ukutani kila siku kwa wiki mbili. Ulikuwa mkavu kama mkate. Sijawahi kuwa na huzuni kama hiyo mbele ya kazi iliyofanikiwa.

Hapo ndipo niliposhindwa kukaa. Nilichukua mbuzi dume mnono, nikamteremsha mpaka kwa yule mzee upande wa Mbeere, maana kwetu mtu akimkosea mzee haendi mikono mitupu. Nikamkuta kwenye kiti mbele ya nyumba ya mwanawe. Nikasema yote. Nilisema aliniambia, nilisikia, na nilimwambia mama kinyume.

Aliangalia mbuzi, hakuniangalia mimi.

"Mbuzi huyu mrudishe," akasema. "Nikimla, watu wa juu hawataonja. Maneno yale yalisemwa kanisani kwenu na sokoni. Yaseme huko huko. Mimi Jumapili nitapanda nije nisikie."

Nikarudi na mbuzi, jambo ambalo ni zito kuliko unavyofikiri, maana mbuzi akirudishwa, kosa halijasamehewa. Nikapitia kwa mama. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo, karibu na moto.

"Mama, yule mzee hakunificha," nikasema. "Aliniambia siku ya kwanza. Nilijua."

Aliendelea kuchambua. Akatoa jiwe dogo, akalitupa nje ya mlango.

"Kwa hivyo kwa daktari tulidanganya wawili," akasema. "Uongo wangu ulikuwa wa kukufunika wewe. Wako ulikuwa wa kumfunika nani?"

Nikamwambia kwamba Jumapili nitasimama niseme. Akasema vizuri.

Lakini Alhamisi ilikuja kabla ya Jumapili. Chama kilikutana, na mama, bila kuniambia, akasimama akawaambia wenzake kwamba karani hana kosa. Akasema ni yeye mwenyewe, kwa uzee, aliyesikia vibaya, akatunga maneno yasiyokuwapo. Akaomba wamsamehe, na wayafute maneno yale popote walipoyapeleka. Mama wa viazi ndiye aliyenieleza. Alisema wengine walinung'unika, kwamba mama wa fundi amekuwa mzee wa kusengenya watu.

Jumapili nikaenda kanisani. Yule mzee alikuwa ameketi benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Yakafika matangazo. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa na neno. Lakini sasa jina la mzee lilikuwa limeshasafishwa, au ndivyo nilivyojiambia, na mama alikuwa ameshalibeba kosa, na kusimama kungekuwa ni kumfanya mama mwongo mara ya pili. Ona jinsi mwoga anavyopata sababu nzuri. Niliangalia kitabu changu cha nyimbo, ambacho hata kukisoma sikisomi vizuri. Mchungaji akangoja, akaendelea.

Nje, mzee akanijia akanipa mkono. Hakuniuliza. Alinishika mkono kama unavyomshika mfiwa, akaenda zake. Alifariki miaka miwili baadaye. Mama alimfuata baada ya miaka mitatu. Hospitalini waliandika ni moyo. Mimi kifua kile nilikisikia kikipanda na kushuka kwa miaka sita, na najua kilianzia kwenye ukuta gani. Na mpaka anazikwa, kulikuwa na wanawake pale kaburini waliodhani kwamba aliwahi kumsingizia mtu asiye na kosa.

Sasa nina zaidi ya miaka sitini na mitano na naandika polepole, mjukuu akininyooshea herufi. Mama yangu hakusikia vibaya. Hakutunga kitu. Alirudia nilichomwambia mimi, na nilichomwambia kilikuwa uongo. Karani aliniambia ukweli wote, mbele ya ukuta wenyewe. Nakala ya karatasi hizi nimempelekea mwanawe, na nyingine mchungaji aliyepo sasa, aisome wakati wa matangazo, nikiwa nimekaa ndani.

Sifichi tena kitu, hata mali: leo nina nyumba ya mawe Kaaga, ninamoishi na mke wangu. Nina ploti mbili Meru mjini, moja imejengwa vyumba sita vya kupangisha. Nina nyumba ya Kianjokoma, amepanga mwalimu na watoto wake, na chumba cha nyuma ni kikavu. Nina shamba la Kanja, la kahawa na nduma, lenye hati kwa jina langu. Ng'ombe wa maziwa watatu. Mbuzi tisa. Pikapu moja, ya zamani, inatembea. Nyundo zangu, patasi, pimamaji na kamba.